Jedwali la Mbili kwa Mbili: Hoja juu ya Programu za Bure za Takwimu za Maradhi

Miongoni mwa wataalamu wetu wa afya ya jamii imekita mizizi dhana kwamba programu ya takwimu isiyouzwa, ifunguliwayo katika kivinjari cha kompyuta yoyote na kufungwa bila ya leseni wala sahihi ya mtu, ni chombo cha wanafunzi na mafakiri, kitumikacho kwa dharura hadi apatikane mfadhili wa kulipia programu kubwa. Nakusudia kuipinga dhana hiyo. Siipingi kwa ajili ya fedha peke yake, ijapokuwa fedha nayo ni hoja nzito katika nchi ambazo zahanati hukosa hata karatasi za rejesta. Naipinga kwa sababu naitakidi kwamba kile kinachohesabiwa kuwa ni upungufu wa chombo hicho, yaani udogo wake, na kule kumlazimisha mtumiaji aje na idadi zake mkononi zikiwa zimekwisha kupangwa, ndicho kinachokifanya kifae kwa kazi ya tabibu wa wilaya na kwa malezi ya mwanafunzi kuliko vyombo vingine vya fahari.

Chombo ninachokizungumzia hasa ni OpenEpi, na nasaba yake yastahili kutajwa. Mwaka 1985 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilichoko Atlanta, kilitoa programu iitwayo Epi Info, ambayo Daktari Andrew Dean alikuwa kiongozi wa uundaji wake. Ilienea ulimwenguni kwa diski za kompyuta, kila mwenye nayo akiwa na ruhusa ya kuwanakilia wenziwe, na kwa ruhusa hiyo ikafika mahali ambapo muuzaji wa programu asingetia mguu. Dean huyo huyo baadaye, akishirikiana na Kevin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Emory na Minn Minn Soe, ndiye aliyetoa OpenEpi, safari hii kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari cha intaneti huifahamu. Jambo hilo laonekana kuwa la mafundi tu, lakini matokeo yake kwetu ni makubwa: hesabu hufanyika ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, wala haipelekwi kwenye mashine iliyoko ng'ambo, hata idadi za wagonjwa wa wilaya zikawa amana mikononi mwa watu wasiojulikana, na kurasa zake zaweza kupakuliwa zote mara moja, zikatumika mahali ambapo mtandao ni bahati ya saa mbili kwa siku.

Katika sehemu zake nyingi OpenEpi haipokei orodha ya wagonjwa. Hupokea idadi. Mtumiaji hukuta jedwali tupu la mbili kwa mbili, waliopatwa na wasiopatwa na maradhi upande mmoja, waliokabiliwa na wasiokabiliwa na kinachodhaniwa kuwa sababu upande wa pili, naye ndiye anayepaswa kujua nani amtie wapi. Ili kuonyesha namna jambo hili dogo lilivyo na uzito, na tuchukue idadi mashuhuri kuliko zote katika ilimu hii, zile alizozikusanya tabibu John Snow huko London katika waba (kipindupindu) wa mwaka 1854. Kampuni mbili za maji ziliingiza mabomba yao katika mitaa ile ile, nyumba hii ikinunua kwa moja na jirani yake kwa nyingine: Southwark and Vauxhall ilichota maji ya mto Thames ndani ya mji, mahali palipochafuka kwa taka, ilhali Lambeth ilikuwa imekwisha kuhamishia machoteo yake juu ya mto mwaka 1852. Snow alikuta kwamba katika nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza walikufa watu 1,263, na katika nyumba 26,107 za kampuni ya pili walikufa 98. Ndiyo kusema vifo 315 kwa kila nyumba elfu kumi huku, na 37 kule.

Idadi hizo nne zikitiwa katika jedwali, vifo vikiwa vimetolewa kwanza katika idadi ya nyumba, programu hujibu kabla ya kidole kuinuka: uwiano wa hatari ni 8.4, na mipaka yake ya yakini ya asilimia 95 ni kuanzia 6.8 hadi 10.3. Snow hakuwa na mipaka hiyo, wala hapakuwa na mtu katika zama zake ambaye angeweza kumpa. Leo ampa yeyote. Lakini hebu msomaji ayatazame tena maneno yangu, kwani nimekwisha kumpitishia kosa mbele ya macho yake. Kiasi cha sehemu hizo, yaani hesabu ya juu, ni watu, na asili yake, hesabu ya chini, ni nyumba. Watu wawili au watatu waliweza kufa chini ya dari moja, tena kwa sababu moja, na hesabu iliyofanywa na programu imechukulia kwamba kila kifo kimesimama peke yake, na kwamba kila nyumba ilikuwa na kifo kimoja au haikuwa na kifo kabisa. Kwa hiyo mipaka niliyoitaja ni myembamba kuliko inavyostahili kuwa, ijapokuwa tofauti baina ya kampuni mbili hizo ni kubwa mno hata hukumu ya Snow haiwezi kutikisika. Programu haikunikanya, kwa sababu haijui nyumba wala mtu. Inajua idadi nne. Programu ya thamani ya dola elfu nayo isingenikanya, ila ingeyaficha makosa yangu chini ya kurasa kumi za matokeo, ambapo mimi na msimamizi wangu tungeyapita bila ya kuyaona. Katika jedwali lenye vyumba vinne kosa halina pa kujificha, na hiyo ndiyo fadhila ninayoisema.

Suala la asili ya sehemu, yaani watu wangapi walikuwako ambao wangeweza kupatwa na maradhi, ndilo lililokuwa kikwazo cha utafiti wa maradhi katika pwani yetu tangu mwanzo wake. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja wakati wa waba mkubwa wa mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, kikachapishwa London mwaka 1876, na ndani yake aliufuatilia ugonjwa kwa ustadi wa kustaajabisha, akiwasaili wasafiri na wafanyabiashara, akiunganisha njia za misafara ya bara na safari za majahazi. Alijua ugonjwa ulipita wapi. Walakini hakuweza kuweka kando ya vifo hesabu ya walio hai, kwa kuwa sensa ya visiwa haikuwako, na kwa hiyo kazi yake, ambayo kwa subira na maarifa haipungui sana ile ya Snow, haikuweza kuzaa uwiano wa kutegemewa. Laiti angepewa kompyuta ya leo na programu zake zote, bado asingekuwa na cha kutia katika chumba cha pili.

Hali yetu imebadilika, lakini haikubadilika kiasi tunachokidhani. Katika Tanzania rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hujazwa katika kila zahanati, jumla zake hupanda wilayani, na huko huingizwa katika DHIS2, mfumo ambao asili yake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ambao sasa hulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao pia ni wa bure. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Hapa pana ulinganifu ambao wenzangu wengi hawautilii maanani. Kinachofika mezani pa Mganga Mkuu wa Wilaya ni jumla, wala si mgonjwa mmoja mmoja: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano walioharisha, wajawazito wangapi waliopimwa malaria na wangapi wakakutwa nayo. Programu kubwa, iliyojengwa kwa ajili ya orodha ndefu za watu binafsi, humtaka avunje jumla zake ambazo hana namna ya kuzivunja. Chombo kinachokula idadi hupokea alichonacho kama kilivyo. Tabibu huyo aweza asubuhi moja kulinganisha kata mbili, akajua kama tofauti anayoiona ni ya kumtoa ofisini na gari la mwisho lenye mafuta, au ni mchezo wa bahati katika idadi ndogo. Na kwa idadi ndogo hizo, ambazo ndizo za kawaida wilayani, OpenEpi humpa pia vipimo vya uhakika kamili, kama kile cha Fisher, ambavyo kuvifanya kwa mkono ni adhabu. Asili ya sehemu, hata hivyo, hutoka katika makadirio yanayokokotwa kutoka sensa iliyopita, na kadiri miaka inavyozidi kupita baada ya sensa ndivyo makadirio yanavyopotoka, hata ikaonekana wilaya imechanja watoto zaidi ya asilimia 100. Anayezoea kuandika asili kwa mkono wake mwenyewe hujifunza kuishuku. Anayeletewa asilimia iliyokwisha kupikwa haishuku kamwe.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni idadi 384. Msomaji yeyote aliyewahi kusahihisha tasnifu za uzamili katika vyuo vyetu vya afya ameionja: watu 384, au 385, au 422 baada ya kuongezwa asilimia kumi ya watakaokataa kujibu. Hutokana na kanuni iliyo sahihi kabisa, ikiwa mtafiti anakisia kuwa nusu ya watu wana hali anayoitafuta, anataka kosa lisizidi asilimia 5 huku wala huku, na anachagua watu wake mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka jamii kubwa. OpenEpi huitoa mara moja. Lakini katika ukurasa ule ule wa programu pana chumba kidogo cha athari ya muundo wa sampuli, ambacho hukutwa kimekwisha kujazwa 1, na mwanafunzi hukiacha hivyo hivyo, kisha huenda akachagua vijiji sita na kuwahoji watu katika kaya zinazopakana, wenye kisima kimoja, mbu wale wale na mganga mmoja. Watu wa namna hiyo hufanana, na mia moja kati yao hawatoi habari za watu mia. Wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani walilijua hilo zamani walipoweka kanuni ya vijiji 30 na watoto saba katika kila kijiji, jumla 210: hesabu ya kawaida yenye kosa la asilimia 10 hutaka watoto 96, wao wakaizidisha kwa mbili kwa ajili ya kufanana huko, wakapata 192, wakakamilisha. Kile chumba chenye 1 ni swali analoulizwa mtafiti, nalo ni swali la maisha ya vijijini kuliko la hesabu, na mtu wa kulijibu ni yule anayeijua nchi. Sioni haya kusema kwamba tasnifu iliyokwenda vijijini ikarudi na 384 bila ya neno moja juu ya chumba hicho haijafikia daraja ya kupasishwa.

Watanikabili wenye kuuliza: chombo cha bure nani dhamini wake? Swali ni la haki. Jawabu langu ni kwamba dhamana ya hesabu haitokani na stakabadhi ya malipo. Hutokana na kuweza kukaguliwa. OpenEpi huonyesha kanuni zake na vitabu zilikotolewa, huweka mifano kando ya kila sehemu, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote awezaye kuusoma. Programu ya kuuzwa huficha tumbo lake. Na katika vyuo vyetu ubaya umezidishwa na nakala za wizi, zinazopitishwa kutoka mkono hadi mkono pamoja na virusi vyake, zisizoweza kurekebishwa wala kutajwa kwa ukweli. Mtafiti anayeandika mwishoni mwa makala kuwa alitumia programu fulani, ilhali hana haki ya kuwa nayo, ameanza taarifa yake ya ukweli kwa uwongo. Nakiri, kwa upande mwingine, kwamba chapa ya OpenEpi inayotajwa katika makala nyingi ni ile ya Aprili 2013. Kanuni za uwezekano hazizeeki, lakini vivinjari huzeeka na kubadilika, na kazi iliyosimama juu ya hisani ya watu wachache yaweza kuanguka nao. Kwa kuwa msimbo u wazi, hakuna kinachozizuia idara zetu za kompyuta na za afya zikaketi pamoja, zikaupokea, zikautunza, na zikaupa sura ya Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko leseni za mwaka mmoja wa kitivo.

Wala sidai kwamba chombo hiki chatosha kwa kila kazi. Penye sababu tano au sita zilizosukana, umri na kipato na makazi na elimu, jedwali hugawanywa kwa matabaka na kuunganishwa kwa njia ya Mantel na Haenszel ya mwaka 1959, ambayo OpenEpi inayo. Lakini matabaka yakiwa mengi vyumba hubaki vitupu, na hapo mtafiti hana budi kupanda ngazi. Ngazi iliyopo nayo ni ya bure: lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990. Naipenda, naifundisha, na naujua ugumu wake. Mwanafunzi anayeanzia huko hutumia muhula mzima akipigana na mabano na nukta, na mwisho wake huweza kuendesha mfano wa hesabu wenye vigezo kumi, ilhali ukimpa karatasi na kalamu hajui kuchora jedwali la wagonjwa wake.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza kwa idara zetu ni huu: mwaka wa kwanza uwe wa jedwali na programu ya idadi, mwanafunzi akihesabu kwanza kwa mkono, kisha kwa OpenEpi, kisha akieleza kwa maandishi kila hitilafu baina ya majibu mawili, R ianze mwaka wa pili, na katika utetezi wa kila tasnifu mtahini wa kwanza apewe haki ya kumtaka mtahiniwa asimame ubaoni, bila ya kompyuta, aandike vyumba vinne vya jedwali lake kuu, na aseme kila chumba kimetoka katika rejesta gani.