Land Rover: kubadili injini
Kubadili injini ya Land Rover Series III (1971–1985) ni kuondoa ile ya asili ya lita 2.25 na kufunga nyingine, mara nyingi ya dizeli ya Kijapani. Ugumu mkubwa uko kwenye giaboksi. Mafundi huweka bamba la chuma kati yake na injini. Shafti ya giaboksi lazima ikae katikati kabisa ya flaiwili, la sivyo beringi na klachi huharibika mapema. Giaboksi ikibadilishwa pia, propela hukatwa au kurefushwa, na pembe za krosi huangaliwa upya. Difu ya mbele iko upande wa kulia, hivyo sampu ya injini mpya isiguswe na ekseli inapopanda gari likipita shimoni. Uwiano wa difu, 4.7 kwa 1, huifanya dizeli yenye mizunguko michache iende polepole barabarani. Lakini kwa njia ya Morogoro, Matombo, Mvuha hadi Kisaki, yenye milima na tope la masika, uwiano huo ni hazina. Kuubadili kwa ajili ya kasi ni kosa. Nguvu ya injini mpya ikizidi, ekseli za nyuma ndizo hukatika.