Mashindano ya ubingwa wa kikapu ya ACC

Umoja wa michezo wa vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa Marekani, ACC, uliundwa mwaka 1953. Mashindano yake ya kwanza ya mpira wa kikapu yalifanyika Raleigh, North Carolina, mwaka 1954, na NC State ikaifunga Wake Forest 82-80 katika muda wa nyongeza.

Uzito wake ulitokana na kanuni moja: ni bingwa wa mashindano hayo tu aliyekwenda kuwania ubingwa wa taifa. Msimu mzima mzuri uliweza kupotea kwa usiku mmoja. Mwaka 1968 NC State iliitoa Duke kwa 12-10. Kwa kuwa hapakuwa na saa ya kuwalazimisha kurusha, wachezaji wake walikaa na mpira mbali na kikapu kwa dakika nyingi.

Fainali ya 1974 mjini Greensboro ndiyo inayokumbukwa zaidi. NC State iliishinda Maryland 103-100 baada ya muda wa nyongeza, kisha ikatwaa ubingwa wa taifa. Maryland, licha ya ubora wake, ilibaki nje. Kuanzia 1975, umoja mmoja uliruhusiwa kupeleka zaidi ya timu moja.