Divai nyekundu ya Rioja: si tunda tu, ni mbao na miaka
Ukimimina Rioja ya zamani katika glasi, mtu anaweza kusema imeharibika: wekundu umepauka, ukingoni unakaribia rangi ya tofali. Hapana, ni pipa ndilo limefanya hivyo.

Rioja iko kaskazini mwa Hispania, na zabibu yake kubwa ni Tempranillo. Karne ya 19 watu wa kule walifuata mafundi wa Bordeaux, wakalaza divai katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Lakini wengi walichagua mwaloni wa Marekani, na huo njo unaleta harufu ya vanila na nazi. Hewa inapenya kidogo kidogo, ukali unalegea, ladha ya tunda bichi inaenda kwenye tini kavu, ngozi, tumbaku. Huko Haro, nyumba ya López de Heredia, iliyoanza 1877, mpaka leo inajitengenezea mapipa.

Kwenye chupa, tafuta neno moja. Crianza ni miaka 2, Reserva 3, Gran Reserva 5, na miwili kati ya hiyo ni ndani ya pipa. Anayependa divai changa, hii inaweza kumchosha. Chupa ya zamani isimamishe wima siku moja mbele ya kufungua, mashapo yashuke.