Beni 2018: Walivunja kituo cha Ebola, kisha wakanawa mikono

Tarehe 27 Desemba 2018, vijana wenye hasira walivamia kituo cha Ebola mjini Beni, Kivu ya Kaskazini. Waliharibu vifaa, na watu waliokuwa wakingoja majibu ya damu wakakimbia. Siku tatu baadaye, mjini humohumo, maelfu ya wakaaji walipanga mstari ili wapige kura yao wenyewe, kura waliyojua kwamba haitahesabiwa. Kabla ya kupiga, walinawa mikono, jinsi wauguzi wa Ebola walivyowafundisha.

Wengi walioandika juu ya Beni walishika habari ya kituo tu, wakasema watu wale ni wajinga. Lakini mjinga hanawi mikono mbele ya sanduku la kura.

Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na uchaguzi. Tarehe 26 Desemba, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais tarehe 30 pamoja na nchi nzima, bali watangoja hadi Machi 2019. Sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Beni na Butembo zilijulikana kuwa ngome ya upinzani. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa kila Jumapili, wanasiasa walikuwa wamefanya kampeni. Watu wakauliza kwa nini virusi vinaogopa sanduku la kura peke yake. Mpaka leo swali hilo halijapata jibu linaloridhisha. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, nao walikuwa bado hawajapiga kura.

Tena kidonda kilikuwa cha zamani. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga usiku, jeshi likiwa karibu, na askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa karibu. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, magari yalifika kwa misururu, pamoja na wageni wenye mishahara mikubwa, wengi wao wakizungumza Kifaransa au Lingala. Watu waliita kazi hiyo yote riposti. Mama aliyezika watoto wake bila kuona hata gari moja likija kumpa pole, sasa aliona magari kumi kwa ajili ya homa ya jirani. Kumwambia mama huyo aamini, ni kumwomba asahau.

Mwezi wa Septemba 2018, miezi mitatu kabla ya kituo kuvamiwa, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola si kitu cha kweli. Waliosema viongozi wa hapohapo wanatetea masilahi yao hawakufika theluthi moja. Na wale wasiowaamini viongozi ndio hasa waliokataa chanjo. Onyo lilikuwepo mapema, basi.

Mwaka 2019 hali ilizidi kuwa mbaya. Mwezi wa Februari vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, daktari kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, alipigwa risasi na kufa ndani ya hospitali ya chuo kikuu cha Butembo, akiwa kazini. Hakuna dhuluma ya uchaguzi inayohalalisha kifo hicho.

Mlango ulifunguka pole pole, tena kwa mambo madogo. Familia ziliruhusiwa kumwona marehemu wao kabla ya mfuko kufungwa. Vijana wa kartie walifundishwa kuzika, ili jeneza libebwe na mtu anayejulikana kwa jina. Waliopona, ambao mwili wao ulikuwa na kinga, walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Chanjo ilisaidia sana, na watu zaidi ya 300,000 waliipata, lakini sindano ilihitaji kwanza mtu wa kufunguliwa mlango. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287.

Warega wa Pangi wasidhani hayo yalikuwa ya Wanande peke yao. Agosti 2019 Ebola ilifika Mwenga, kwa ndugu zao wa Kivu ya Kusini, pamoja na msafiri aliyetoka kaskazini. Wagonjwa walikuwa wachache na ikazimwa. Lakini njia ilikuwa ileile ya siku zote: mtu anayetafuta mahali pa kulala kwa jamaa.

Hapo ndipo habari ya Beni inagusa familia zilizokimbia vita. Mgeni akianza kuhara au kutoka vipele, kijiji huwa na haraka ya kusema kwamba wao ndio wameleta. Naye akisikia hivyo, humficha mtoto ndani ya nyumba badala ya kumpeleka kituo cha afya. Reko, yule mjumbe wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, huchaguliwa na wakaaji kati yao wenyewe. Kijiji kilichomchagua reko wake kabla wageni hawajafika kina mtu wa kusema na wenyeji. Kwa wageni, bado hakina mtu.