Ghala la Vipuri katika Kiwanda cha Chai

Ghala la vipuri ni mahali zinapohifadhiwa beringi, mikanda, minyororo, gia, mota na vifaa vinginevyo ambavyo vikikosekana mitambo husimama. Katika nyanda za juu za Gesima, katika Kaunti ya Nyamira, ambako mkulima huchuma chai katika shamba dogo na kuifikisha kituoni siku iyo hiyo, shughuli ya ghala hili ina uzito zaidi kuliko katika viwanda vingi, kwa kuwa malighafi yenyewe haikubali kungoja: majani mabichi yakirundikana hupata joto na kuharibika, nayo takriban kilo nne na nusu za majani ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu.

Ghala kama hilo lafaa kupimwa kwa elimu ya kupunguza israfu viwandani, iliyostawishwa na kampuni ya Toyota huko Japani, hasa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, kwa juhudi za Taiichi Ohno (1912–1990), aliyeihesabu akiba iliyozidi kuwa miongoni mwa aina saba za hasara, akaamuru kila karakana ichukue kwa ile iliyoitangulia kiasi kilichohitajiwa tu, kwa kadi iendayo na kurudi. Wengi walioipokea elimu hiyo juujuu walidhani muradi wake ni kuliacha ghala tupu. La hasha.

Ghala la kiwanda cha chai aghalabu hupatwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja: rafu zimejaa vipuri vya mashine iliyokwisha kung'olewa, navyo daftarini vingali vikihesabiwa mali, ilhali beringi ya mashine iliyo kazini haipo. Mkanda wa mpira uliokaa miaka mingi hukauka na kupasuka, na beringi iliyofunguliwa karatasi yake huingia vumbi. Hata kilichonunuliwa kwa hadhari hufa kikiwa bado kipya. Dawa ya vitu vidogo ni nyepesi: masanduku mawili ya bolti, la kwanza likiisha kadi yake hupelekwa kwa mnunuzi, na la pili hutosha hadi shehena ifike.

Rola za mashine ya CTC, yaani ya kukata, kurarua na kukunja majani, iliyobuniwa Assam na William McKercher mwanzoni mwa miaka ya 1930, zina hesabu yake. Ni jozi yenye meno, rola moja ikizunguka takriban mara kumi kwa kasi ya mwenziwe, na meno yakiwa butu majani hupondeka badala ya kukatika. Jozi moja ikiwa mashineni, ya pili imekwisha kunolewa na kufunikwa, na ya tatu iko kwa mnoaji, basi ile inayotolewa ndiyo agizo lenyewe, wala haihitaji barua. Ya nne ni mtaji uliolala. Na katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo nchini Kenya, ambavyo wenye hisa ni wakulima wenyewe, mtaji uliolala ni fungu lililopunguzwa katika bonasi.

Lakini Ohno aliwaza akiwa na wauzaji wake jirani, ilhali Nyamira iko zaidi ya kilomita 750 kwa barabara kutoka bandari ya Mombasa. Kipuri kiundwacho nchini, mathalani na TEMEC, kampuni tanzu ya KTDA, chaweza kuagizwa kwa kadi. Mota ya feni ya kikaushio itokayo ng'ambo haifai kungojewa wakati wa masika, majani yanapofurika. Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la ardhi lililoipiga Japani mwaka 2011, iliwataka wauzaji wake wa vijenzi vya elektroniki waweke akiba ya miezi kadhaa. Kwa kipuri ghali kisichoharibika ila kwa nadra, njia iliyo bora ni viwanda jirani, kama Nyankoba, Sanganyi na Kebirigo, kuwa na kimoja kwa shirika, kikiwekwa mahali panapojulikana na mafundi wote, mradi mitambo iwe ya namna moja. Na sharti hilo la mwisho lapasa kukumbukwa siku ya kununua mashine, kwa maana kila aina mpya iingiayo kiwandani huleta rafu yake.