Babati tunachepuka, Jangwani tunakwama

Hapa Babati barabara ikifungwa, bodaboda anakata uchochoro na unafika. Kama umewahi kupanda mwendokasi Dar, unajua kule mambo ni tofauti. Tramu hatuna, lakini mabasi haya yaliyoanza Mei 2016 yana tabia ya tramu: njia yake peke yake, vituo katikati ya barabara, na sakafu iliyoinuliwa ilingane na jukwaa la kituo. Ndiyo maana mnapanda haraka. Na ndiyo maana njia ikifungwa, basi haliwezi tu kuhamia mtaa wa pili na kukupakia kwenye kituo cha daladala.

Sasa tazama ramani. Njia ya Kimara–Kivukoni inavuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, na karakana ikajengwa humohumo bondeni, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu jijini. (Hapo mimi huwa nashindwa kuelewa.) Mto ukifurika, Jangwani inafungwa, na abiria wa Kimara anabaki Magomeni akitafuta pa kuzungukia. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde hilo, likiwemo daraja jipya la juu zaidi na kuhamishwa kwa karakana.