Uchomoaji wa Vipuri vya Redio kwa Mkono: Mafundi wa Moshi Katika Kipindi cha Uhaba

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, uhaba wa fedha za kigeni uliadimisha vipuri vya redio Moshi, kama kwingineko Tanzania. Redio mbovu ikawa ghala la fundi. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Pasi ikikawia, transista huungua au njia ya shaba hubanduka ubaoni. Fundi aliubana mguu wa transista kwa koleo ili joto lisipande. Kosa moja lingeweza kupoteza redio mbili: iliyotoa kipuri na iliyokisubiri. Ulegezaji wa uagizaji wa mwaka 1984 ulipunguza uhaba huo. Hata hivyo, stadi hiyo yastahili kuhesabiwa katika historia ya uchumi.